Eldoret na Waliokataa Kumtetea "Mtu Wetu"

Jumanne ya tarehe 14 Agosti 1990, Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Anglikana alifunga safari kwenda Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Siku chache kabla ya hapo, Waziri wa Leba wa wakati huo, Peter Okondo, alikuwa amemwonya hadharani yeye pamoja na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wasithubutu kukanyaga Busia, kwani wakikanyaga huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alijibu kwamba atakwenda, na kwamba akifa, damu yake isiyo na hatia itamwandama waziri huyo. Akaenda, akahudumu, akaanza safari ya kurudi nyumbani. Karibu na Kipkaren, kwenye barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Eldoret, gari lake likagongana na lori. Muge akafa.

Mwezi huo huo Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alifungwa. Kwa upande wa mahakama mambo yakaishia hapo, lakini mjini Eldoret hayajaisha mpaka leo.

Muge hakuwa mkosoaji pekee wa serikali miaka ile. Kulikuwa na Okullu, kulikuwa na Askofu David Gitari, kulikuwa na Kasisi Timothy Njoya, ambaye mahubiri yake ya mwaka mpya wa 1990 yaliichoma serikali nzima. Tofauti ilikuwa asili yake. Muge alikuwa Mnandi, na Wanandi ni mojawapo ya jamii za Wakalenjin, jamii ya Rais Daniel arap Moi mwenyewe. Mkosoaji wa kutoka Nyanza au Mkoa wa Kati serikali ilijua namna ya kumnyamazisha mbele ya wafuasi wake: ana wivu, ana ukabila, anataka kiti kiende kwao. Kwa Muge jibu hilo halikufua dafu. Alizungumza akiwa nyumbani, na watu wa nyumbani wakamsikia.

Wengi walio mbali huiona Eldoret kama mji wa utiifu. Moi alitawala kuanzia 1978 hadi 2002, na Bonde la Ufa lilikuwa ngome yake. William Ruto, rais tangu 2022, kwao ni Sugoi, katika kaunti hii hii ya Uasin Gishu. Kwa miongo mingi wapiga kura wa hapa wameambiwa kwamba kiti cha juu ni ngao ya jamii, na anayemkosoa "mtu wetu" anawafungulia maadui mlango. Hata hivyo, kizazi baada ya kizazi, Eldoret na viunga vyake vimezaa watu waliokataa hoja hiyo wakijua gharama yake. Hao ndio waliowaonyesha Wakenya kwamba dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu anayeitenda anazungumza lugha yako.

Mkonge wa Ziwa

Chanzo cha mambo mengi hapa ni ardhi. Wanandi walipigana na Waingereza kwa takriban miaka kumi, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905, siku ambayo kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa kwa risasi alipokwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo yaliyosemekana ni ya amani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walishuka meli Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapandisha nyanda za juu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mji wenyewe ulianzia kwenye shamba namba 64, na ndiyo maana wazee waliuita Sisibo, yaani namba hiyo ya Kiingereza ilivyotamkwa kienyeji. Jina la Eldoret lilikuja 1912. Reli ilifika 1924, na ngano na mahindi ya walowezi yakapata njia ya kwenda sokoni.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, walowezi wengi waliondoka lakini mashamba makubwa hayakuondoka. Mengine yalinunuliwa na vigogo, mengine na vyama vya wakulima kutoka sehemu mbalimbali za nchi, na mengine yakabaki mikononi mwa makampuni ya kigeni. Maskwota waliolima na kuchunga kwenye ardhi hizo kwa miaka mingi walibaki maskwota.

Ndipo akaja Philomena Chelagat Mutai. Mwaka 1974 wapiga kura wa Eldoret Kaskazini walimchagua kuwa mbunge wao akiwa na umri wa takriban miaka 25 tu. Alikuwa ametoka kwenye harakati za wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Bunge alilolikuta lilikuwa la wanaume karibu watupu. Hakuenda kukaa kimya. Huko Ziwa, ndani ya eneo lake, wakazi walivamia shamba la mkonge lililokuwa la kampuni ya kigeni. Serikali ilimshtaki mbunge wao kwa uchochezi, na mwaka 1976 akafungwa miaka miwili na nusu.

Alipotoka jela alirudi kwa wapiga kura, nao mwaka 1979 wakamrudisha Bungeni. Huko akajiunga na kikundi kidogo cha wabunge wakaidi, miongoni mwao James Orengo, Koigi wa Wamwere, Abuya Abuya, Mwashengu wa Mwachofi, Chibule wa Tsuma na Lawrence Sifuna. Charles Njonjo, aliyekuwa na nguvu nyingi serikalini, aliwabandika jina la dhihaka: dada saba wenye ndevu. Mwanamke alikuwa mmoja tu, na alikuwa wa Eldoret. Mwaka 1981, polisi walipoanza kumtafuta kwa madai ya kudanganya kuhusu marupurupu ya usafiri, alivuka mpaka akaingia Tanzania na kukaa huko uhamishoni kwa miaka kadhaa. Aliporejea, siasa zilikuwa zimefunga milango. Aliishi miaka mingi katika dhiki na maradhi, akafariki Julai 2013. Kiti chake cha Eldoret Kaskazini baadaye kilikaliwa na William Ruto, kuanzia 1997 hadi 2013.

Hakuwa peke yake katika kizazi hicho. Jirani yake wa Tinderet, Jean-Marie Seroney, alikuwa Naibu Spika wa Bunge. Oktoba 1975, Martin Shikuku alidai kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama tawala cha KANU. Wabunge wakamtaka athibitishe. Seroney, akiwa kitini, akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Muda mfupi baadaye polisi waliwakamata wote wawili kwenye majengo ya Bunge, wakatiwa kizuizini bila mashtaka, na hawakuachiliwa mpaka 1978, baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta.

Askofu aliyewahi kuvaa sare ya polisi

Alexander Muge hakuanza maisha ya kazi altareni. Kabla ya kwenda kusomea uchungaji alikuwa askari wa kikosi cha GSU, kikosi ambacho Wakenya wanakijua zaidi kwa marungu na mabomu ya machozi. Alipotawazwa kuwa askofu mwaka 1983, alijua vizuri serikali inavyofanya kazi ikiwa gizani.

Vita vyake vikubwa vilikuwa dhidi ya mlolongo. Mwaka 1986, KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria, kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea kura za siri zitupwe, na badala yake wapiga kura wapange foleni hadharani. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: ajenti wa kila mgombea anasimama uwanjani akiwa ameshika picha ya mtu wake, wapiga kura wanapanga mstari nyuma yake, na msimamizi anapita akihesabu vichwa. Chifu yupo anatazama. Mwajiri yupo. Mwalimu anawaona wazazi wa wanafunzi wake, nao wanamwona. Msimamizi akishatangaza matokeo watu wanatawanyika, na hakuna karatasi hata moja inayobaki ya kuhesabiwa upya. Aliyekuwa na mstari mrefu angeweza kusikia mwenye mstari mfupi akitangazwa mshindi, na asiwe na cha kupeleka mahakamani. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alipita bila kupingwa katika uchaguzi mkuu.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1988. Uchaguzi ule uliwaacha Wakenya wengi na uchungu ambao haukusahaulika. Muge na viongozi wengine wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu mwanzo: mchungaji anayeonekana nyuma ya picha ya mgombea mmoja atawahudumiaje wafuasi wa mwingine? Walipinga pia mabadiliko ya katiba ya 1986 na 1988, yaliyoondoa ulinzi wa kazi wa Mkuu wa Sheria, Mkaguzi Mkuu wa hesabu, na hatimaye majaji. Muge alikemea unyakuzi wa ardhi, na alikemea njaa ya Pokot Magharibi, ambayo viongozi wa huko hawakupenda itajwe.

Kanisa lilikuwa na kitu ambacho vyama na magazeti havikuwa nacho. Mkutano wa siasa ulihitaji leseni, ila ibada ya Jumapili haikuhitaji. Jambo hili hili ndilo lililowasaidia Wamarekani Weusi huko Montgomery, Alabama, walipoyasusia mabasi ya ubaguzi kuanzia Desemba 1955 hadi Desemba 1956. Ukumbi wa mkutano ulikuwa kanisa, kiongozi alikuwa mchungaji kijana, Martin Luther King, na michango ya kuwalipia watu usafiri mbadala ilikusanywa na waumini.

Lakini aliyefanana zaidi na wapinzani wa Eldoret, kwa hali aliyojikuta nayo, alikuwa Mzungu. Julius Waties Waring alizaliwa mwaka 1880 Charleston, Carolina Kusini, katika ukoo wa vizazi vingi mjini humo. Aliteuliwa jaji wa mahakama ya shirikisho mwaka 1942. Mwaka 1946 aliisimamia kesi ya mkuu wa polisi aliyempiga Isaac Woodard, askari Mweusi aliyekuwa ametoka vitani, mpaka akampofusha macho yote mawili. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, lilimwachilia mshtakiwa. Kesi hiyo ilimbadilisha Waring. Mwaka uliofuata aliamua kwamba chama cha Democratic cha jimbo lake hakiwezi kuwafungia Weusi nje ya kura za mchujo. Mwaka 1951, katika kesi ya shule za kaunti ya Clarendon, majaji wenzake wawili walikubali ubaguzi uendelee. Yeye peke yake akaandika kwamba kutenganisha watoto kwa rangi ni dhuluma yenyewe. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifikia msimamo huo huo. Wakati huo Waring alikuwa ameshaondoka Charleston. Marafiki wa ujanani walikuwa wamemtenga, nyumba yake ilishambuliwa kwa matofali, na mwaka 1952 alihamia New York.

Waring alipoteza mji wake lakini akabaki hai. Muge alipoteza maisha. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, aliyekuwa afisa wa ujasusi alidai kwamba ajali ya Kipkaren ilipangwa. Hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha dai hilo, wala hakuna iliyolikanusha.

Hasira ilipogeuziwa jirani

Kuna upande mwingine wa historia hii, nao hauwezi kurukwa. Malalamiko ya ardhi Bonde la Ufa ni ya kweli, lakini kwa nyakati mbaya yamegeuzwa silaha dhidi ya mkulima mdogo wa kabila jingine, huku mwenye maelfu ya ekari akiachwa alale usingizi. Hata Seroney, pamoja na ushujaa wake Bungeni, mwaka 1969 aliongoza Azimio la Nandi Hills, lililodai kwamba ardhi ya Nandi ni ya Wanandi peke yao. Serikali ilimshtaki na kumtoza faini, lakini wazo lenyewe liliishi muda mrefu kuliko kesi.

Mwaka 1991, presha ya kutaka vyama vingi ilipopanda, wanasiasa wa KANU walifanya mikutano ya kudai majimbo, yaani mfumo wa serikali za mikoa, ukiwemo wa Kapsabet mwezi Septemba. Mwishoni mwa Oktoba mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, yakaenea. Burnt Forest, kusini mwa Eldoret, iliteketea mwishoni mwa 1992. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakaja makubwa zaidi. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa nje kidogo ya mji wa Eldoret lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote.

Katika miaka hiyo pia alikuwepo mtu wa nyumbani aliyekataa. Askofu Cornelius Korir wa Kanisa Katoliki, Mkalenjin, alikuwa ameanza kazi Eldoret mwaka ule ule wa 1990 alipokufa Muge. Mwaka 1992 na tena 2008 aliufungua uwanja wa kanisa kuu la Sacred Heart kwa maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wakikuyu, huku baadhi ya watu wa jamii yake wakimwona msaliti. Baadaye alianzisha mazungumzo ya kijiji kwa kijiji: wazee wa pande mbili wanaketi pamoja, wanajenga upya daraja au shule iliyochomwa, soko linafunguliwa tena. Njia yake aliiita Amani Mashinani. Alifariki Oktoba 2017, na waliomlilia walikuwa wa makabila yote.

Wazazi na vijana

Agosti 2023, wazazi na wanafunzi walimiminika kwenye ofisi za serikali ya kaunti ya Uasin Gishu, katikati ya Eldoret, na wengine wakapiga kambi. Kaunti ilikuwa na mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Canada. Wazazi walikuwa wamelipa pesa nyingi kupitia akaunti ya mpango huo. Kuna waliouza ng'ombe, kuna waliouza vipande vya shamba. Vijana wengine hawakuwahi kuondoka, na wengine waliofika Finland waliambiwa na vyuo kwamba karo haijalipwa. Mwezi huo, gavana wa zamani ambaye sasa ni seneta, Jackson Mandago, alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake kwa mashtaka yanayohusu zaidi ya shilingi bilioni moja. Wote walikana.

Wazazi wale hawakuwa wanasiasa, na wengi walikuwa wamewapigia kura viongozi wale wale ambao sasa walikuwa wakiwalalamikia. Kile walichokidai kilikuwa hesabu ya pesa zao. Hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba wametumwa na kabila jingine.

Juni 2024 ikaja zamu ya watoto wao. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na mapendekezo ya kodi mpya, zikiwemo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ambazo zote mbili ziliondolewa kabla ya kura ya mwisho baada ya umma kughadhabika. Vijana walijipanga kupitia simu, bila chama wala kiongozi mmoja. Tarehe 25 Juni, siku ambayo Bunge liliupitisha mswada na waandamanaji wakaingia Bungeni, Eldoret nayo ilifurika vijana wakiwa na bendera, filimbi na mabango. Kenya ilishangaa: hapa ni nyumbani kwa rais. Siku hiyo pia klabu ya mwanasiasa mmoja iliporwa, na uporaji huo uliwapa wakubwa kisingizio cha kuwaita wote wahuni. Kesho yake Rais Ruto alisema hatatia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 nchini.

Kisheria, vijana hao wana kitu ambacho Chelagat Mutai hakuwa nacho. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Uvamizi wa shamba au wa duka hauingii humo, na ni vyema uepukwe. Lakini mtu kusimama kwenye Barabara ya Uganda na bango linalomtaja kiongozi wa jamii yake ni haki kamili, na polisi anayempiga risasi anavunja katiba.

Shule za Uasin Gishu huwafundisha watoto kuhusu Koitalel, na ni vizuri. Zinapaswa pia kuwafundisha kuhusu mbunge wa Ziwa aliyefungwa kwa ajili ya wapiga kura wake, na kuhusu askofu aliyekwenda Busia licha ya vitisho. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa serikali Mei 2013, na mapendekezo yake mengi kuhusu ardhi, mauaji na fidia hayajatekelezwa. Serikali ya sasa inaongozwa na mwana wa Uasin Gishu. Ndiyo inayodaiwa kuifungua ripoti hiyo, na wa kwanza kuidai wanapaswa kuwa watu wa Eldoret wenyewe.